Mwenzako Anataka Kuacha Lakini Haachi: Namna ya Kukaa Naye Bila Kumhubiria

Kila semesta inapoanza napata maswali yaleyale, mengine kwa ujumbe wa sauti saa nne usiku, mengine mlangoni mwa darasa kabla profesa hajaingia. "Yaya, mwenzangu wa chumba amecheza pari na pesa yote ya masomo, nimwambie nini?" "Mdogo wangu haendi tena kwenye kozi, amelala tu, nimpe moyo namna gani?" "Mimi mwenyewe nimeapa mara tano kuacha pombe, mbona narudia?" Huku kwetu "yaya" ni kaka au dada mkubwa, na "pari" ni kamari. Nimechoka kutoa jibu vipande vipande, basi nimeliweka lote hapa.

Mimi si daktari wala mwanasaikolojia. Nilikuwa CP, yaani kiongozi wa wanafunzi wa promosheni (darasa la mwaka) yetu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa miaka miwili, na CP ndiye anayeletewa kila kitu: orodha ya mahudhurio, michango ya msiba, na mtu anayelia nyuma ya jengo. Baadaye nilifundishwa kusikiliza na watu waliosomea kazi hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa mhubiri. Kuna mwenzetu mmoja nilimkalisha kando ya ziwa saa nzima, nikamweleza hasara ya pari moja baada ya nyingine, na kila sentensi alijibu "ndiyo, yaya". Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Usiku uleule alicheza kilichobaki.

Nilichokosea ni kwamba sababu zote za kuacha nilizitoa mimi. Yeye alibakiwa na kazi ya kukubali tu, na kukubali hakumgharimu mtu kitu. Sababu ya kubadilika inatakiwa itoke kinywani mwake. Kazi yako ni kuuliza na kusikiliza mpaka aisikie mwenyewe akiisema. Hatua zote za hapa chini zinatoka hapo.

Njia hii ina mwenyewe. William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa Bergen, Norwei, mwaka 1982 akifundisha vijana waliokuwa wakihudumia walevi. Walimwomba awaonyeshe anavyoongea na mgonjwa, wakawa wanamkatiza kila dakika: kwa nini umeuliza hivyo, kwa nini umenyamaza pale? Katika kuwajibu akagundua kwamba alikuwa na kanuni ambazo hakuwahi kuziandika. Aliziandika mwaka 1983, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakazitolea kitabu. Nadharia inatosha hapo.

Mambo yasiyongoja

Soma hapa kwanza, hata kama una haraka. Hali nne zifuatazo si za mazungumzo ya wanafunzi wawili.

Ya kwanza ni mtu anayesema hataki kuishi, au anayeanza kugawa vitu vyake na kuaga aga. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa swali hili wakidhani litampa wazo. Halimpi wazo, linampa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake hata kwa nusu saa. Ondoa dawa za panya, za shamba na vidonge chumbani, mwite mtu mzima anayemwamini, mwende hospitali siku hiyohiyo.

Ya pili ni mtu anayekunywa kanyanga au pombe nyingine kali kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza. Huyu USIMWAMBIE aache ghafla! Mwili uliozoea pombe kiasi hicho ukinyimwa ghafla unaweza kuingia kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na kuna wanaokufa. Aache akiwa chini ya uangalizi wa muuguzi au daktari. Najua inashangaza kwamba mtu mwenye nia njema anaweza kumwua mlevi kwa kumfungia chumbani "asinywe", lakini ndivyo ilivyo.

Ya tatu: anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hajalala siku kadhaa na maneno yake hayashikani. Hapa Bukavu kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Frères de la Charité. Wenye kusoma hii mkiwa Goma, mnacho Tulizo Letu. Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain. Nimesikia wanafunzi wakitaniana, "wewe, utaishia SOSAME." Nawaomba tuache utani huo, kwa sababu yule anayeuhitaji mlango huo ndiye anayeusikia kwa uchungu zaidi.

Ya nne ni aliyebakwa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Dawa ya kuzuia mimba inasaidia mpaka siku ya tano. Hospitali ya Panzi ya hapa Bukavu, aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, inaijua kazi hii kwa mwili na kwa moyo. Usianze kumhoji ilikuwaje wala alivaa nini. Tafuta usafiri.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Mahali. Si kwenye nganda (baa), na si kwenye chumba mnacholala wanne. Vijana wengi, hasa wavulana, huongea vizuri zaidi mkitembea bega kwa bega kuliko mkitazamana. Njia kama ya kutoka Nyawera kuelekea Nguba inafaa. Mpando (mlima) wa mtaa wa Kadutu haufai: hakuna anayefungua moyo huku anahema.

Muda. Dakika 40 zinatosha, mchana, na mseme mapema mtamaliza saa ngapi ili kila mtu afike kwao kabla ya giza. Mtu akijua mwisho upo, anathubutu kuanza.

Simu zote mbili zimezimwa. Kama ni ya pari, simu yake ndiyo duka lenyewe.

Daftari na kalamu, ila vikae mfukoni mpaka hatua ya saba. Ukiandika mwanzoni ataona kama anahojiwa polisi.

Ahadi ya siri, pamoja na mpaka wake. Mwambie mwanzoni kabisa: "Utakayoniambia yatabaki kwangu, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini." Ukiusema mpaka huo baadaye ataona umemsaliti.

Na moyo wako uwe umepoa. Kama anakudai au unamdai, kama ni mpenzi wako, kama jana mligombana juu ya bakuli la sombe, mtafute mtu mwingine afanye kazi hii. Sisemi hivi kwa adabu tu. Mwenye deni lake hawezi kusikiliza, anasubiri tu neno "nitalipa".

Hatua kwa hatua

1. Omba ruhusa. "Kuna jambo nimeliona juu yako, nina wasiwasi kidogo. Tunaweza kuliongelea?" Akisema hapana, sema "sawa, mlango uko wazi" na umaanishe hivyo. Kosa la kawaida hapa ni kumvizia: kumwita kwenye sala au kwenye mlo, kumbe watu sita wanamsubiri na hotuba.

2. Uliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana. "Unacheza pari bado?" ni swali la mzazi, na jibu lake ni uongo. Jaribu: "Mambo ya pari yako namna gani siku hizi?" au "Siku yako ya kawaida inakwendaje, tangu unaamka?" Hilo la siku ya kawaida nalipenda zaidi kwa anayekosa kozi, maana halimshtaki, na ndani ya dakika tano utajua analala saa ngapi, anakula mara ngapi, na ni nani amebaki wa kuongea naye.

Hapo pia utaanza kuona tabia ile inamfanyia kazi gani. Hakuna anayekunywa bure. Tangu vita ilipoingia mjini kwetu Februari 2025 nimekaa na wanafunzi kadhaa ambao kasiksi (pombe ya ndizi) au kichupa cha jioni si starehe tena, ni dawa ya usingizi. Wakifumba macho wanasikia milio ya risasi. Ukimwondolea pombe huyo bila kugusa usingizi wake, utakuwa umemwondolea mkongojo ukamwacha na mguu uliovunjika.

3. Mrudishie ulichosikia. Nakaa hapa kwa muda mrefu kwa sababu ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Badala ya kuuliza swali jingine, sema kwa maneno yako kile ulichoelewa, sauti ikishuka mwishoni. Mazungumzo moja, kwa ruhusa ya mwenyewe na mambo machache nimeyabadilisha:

"Pari ni ya kupitisha wakati tu, yaya."
"Inakusaidia wakati upite."
"Eh. Na siku moja moja napata kitu. Lakini mwezi uliopita ilinipiga."
"Ilikupiga kuliko mara zingine."
"Kabisa. Ile feza haikuwa yangu. Mama aliuza mbuzi."
"Mama aliuza mbuzi, na feza ikaenda vile."
"Sasa siwezi hata kumwita kwa simu. Wiki tatu."

Angalia: sijauliza swali hata moja. Ameanza na kupitisha wakati na amefika kwa mama yake mwenyewe. Kama baada ya "kupitisha wakati tu" ningejibu "wakati gani, na mitihani iko karibu?", tungekuwa bado tunabishana.

Utahisi mjinga mara za kwanza, kama kasuku. Usirudie maneno yake yaleyale. Sogea hatua moja mbele, sema kile unachodhani kiko nyuma yake. Ukikosea atakusahihisha, na kukusahihisha ni kuongea. Halafu vumilia kimya. Hesabu mpaka kumi kichwani kabla ya kufungua mdomo. Wengi wetu tumelelewa kuona kimya ni aibu ya mwenye nyumba, tunakijaza upesi na ushauri.

4. Tega sikio kwa maneno ya kubadilika. Mtu anayetaka na hataki husema yote mawili kwa pumzi moja: "Nataka kuacha, lakini marafiki wote wako kule." Wewe shika upande wa "nataka". Maneno ya kuwinda ni ya aina nne: nataka au natamani, naweza au niliwahi kuweza, kwa sababu, na ni lazima au siwezi kuendelea hivi. Ukiyasikia, usiyapite. "Umesema uliwahi kuacha miezi miwili. Ulifanyaje?" Swali kama hilo linamweka yeye kwenye kiti cha mwalimu.

Kanuni rahisi: upande utakaouzungumzia ndio utakaokua. Ukimwuliza "kwa nini unashindwa?", atakupa orodha ndefu ya kwa nini anashindwa, na mwisho wa orodha hiyo ataiamini kuliko alivyoiamini mwanzo.

Kwa sababu hiyo mimi nimeacha ile karatasi ya safu mbili, faida za kuacha na faida za kuendelea, ambayo wengi wanafundishwa. Kwa mtu anayeyumba bado, safu ya "kuendelea" ni kama wakili umemlipa wewe mwenyewe.

5. Kipimo cha 0 mpaka 10. "Kutoka 0 mpaka 10, kuacha jambo hili lina uzito gani kwako sasa?" Tuseme anajibu 4. Kila anayeanza anauliza, "Mbona nne tu?" na kwa swali hilo anamlazimisha kuitetea pari. Uliza hivi: "Mbona nne, na si moja?" Atalazimika kukupa sababu za kuacha, za kwake. Nimeona mtu akianza na 3 kwa kejeli, akajibu swali hilo kwa dakika kumi na machozi.

Kisha kipimo cha pili: "Na ukiamua leo, una uhakika gani kwamba utaweza?" Linganisha. Cha kwanza kikiwa 8 na cha pili 2, huyu hahitaji tena sababu, anahitaji mbinu; nenda hatua ya sita na ya saba. Cha kwanza kikiwa 2, usifanye mpango wowote leo. Mshukuru, panga siku nyingine, nenda kwenu. Mpango wa mtu wa 2 ni wako, si wake.

6. Ushauri, kama lazima. Omba tena ruhusa, toa kidogo, kisha rudisha mpira kwake. "Kuna mambo mawili matatu ambayo wengine walijaribu. Nikuambie?" Unayasema kwa sentensi tatu. "Wewe unayaonaje?" Ukijikuta unaongea zaidi ya dakika mbili mfululizo, umerudi kuwa mhubiri.

7. Mpango wa "ikiwa… basi…". Sasa toa daftari, na kalamu ashike yeye. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha katika makala ya 1999 kwamba mtu aliyepanga ni lini na wapi atafanya kitu anafanikiwa zaidi kuliko yule aliyesema tu "nitajitahidi". Basi "nitajitahidi" tunaifuta. Mifano ya watu niliokaa nao:

Wa pari: "Ikiwa pesa ya nyumbani imeingia kwenye simu, basi ndani ya saa moja nalipa ya masomo, inayobaki namtumia dada anitunzie, nabaki na ya chakula cha siku tatu." Tangu benki za hapa zilipofunga milango mapema 2025 kwa ajili ya vita, pesa za wazazi zinapitia kwenye simu, na simu hiyohiyo ndiyo ya kuchezea. Saa moja ile ina maana.

Wa kukosa kozi: "Ikiwa ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi navaa viatu." Ni hayo tu. Hakuandika "nitahudhuria kozi zote". Mtu aliyezama kwenye huzuni anasubiri apate hamu ndipo ainuke, wakati mara nyingi hamu inakuja baada ya kuinuka. Viatu vikishavaliwa, mlango si mbali.

Wa pombe (si yule wa kutetemeka, huyo tumeshamwongelea): "Ikiwa promosheni wanakwenda kunywa Ijumaa, basi naagiza sukari kwanza, na naondoka na motari (dereva wa pikipiki) wa saa moja jioni." Sukari, kwa wasio wa huku, ni soda.

Mpango mmoja kwa wiki moja. Akitaka kuandika sita, mzuie kwa upole; sita ni furaha ya siku ya kwanza, Jumatano hazikumbukwi.

8. Rudia siku ya tatu na ya saba. Usiulize "Umefanya?" Uliza "Ilikwendaje?" Kama alianguka, mwulize saa ngapi, alikuwa na nani, alikuwa amekula? Mnatafuta tundu la panya, hamtafuti mwenye kosa. James Prochaska na Carlo DiClemente, waliochapisha utafiti wao juu ya wavutaji wa sigara mwaka 1983, waliona kwamba waliofaulu kuacha wengi walikuwa wameanguka na kuanza upya mara kadhaa. Mwambie hilo kabla hajaanguka, si baada, vinginevyo anaona unampoza.

Na lililokwenda vizuri lisemwe kwa jina lake. "Hongera" ni nyepesi mno. "Jumanne mvua ilinyesha na ulifika kwenye kozi ya asubuhi" ina uzito, kwa sababu inaonyesha kuna mtu aliyeona.

Kama mtu huyo ni wewe mwenyewe

Hatua ni zilezile, ila andika kwa mkono, kwa sababu kichwani tunajidanganya upesi. Jibu maswali matatu tu usiku mmoja: siku yangu ya jana ilikwendaje saa kwa saa? Kipimo changu ni ngapi, na mbona si kidogo zaidi? Niliwahi kuweza lini? Asubuhi, baada ya kulala, andika "ikiwa… basi…" moja. Halafu mwonyeshe mtu mmoja. Usiitangaze kwenye kundi la promosheni. Pongezi thelathini za siku ya kwanza zinafanya ujione umeshamaliza.

Ikikwama

*Anajibu "sijui" kwa kila kitu.* Huenda umeuliza maswali matatu mfululizo. Nyamaza, tembeeni, mpe moja la kumrudishia: "Ni ngumu kulipatia maneno." Wakati mwingine "sijui" ni njaa. Nunua mandazi mawili, kisha endeleeni.

*Anakasirika.* Basi umesukuma. Kubali hapohapo: "Nimeharakisha, samahani. Uamuzi ni wako." Ni wake kweli, hata wewe ukichukia utakavyokuwa.

*Anakubali kila kitu na hafanyi kitu.* Huyu ndiye mwenzangu wa kando ya ziwa. Rudi hatua ya tano. Karibu kila mara utakuta mpango ulitungwa na wewe.

*Familia inasema ni mapepo au uchawi.* Usibishane na mama wa watu barazani kwake. Mwambie, "Mama, sala iendelee, na hospitali pia tumpeleke." Nimeona njia mbili hizo zikitembea pamoja vizuri. Kinachoharibu ni kumnyima mtu dawa, kumfunga au kumnyima chakula eti anaombewa. Hapo tafuta mkubwa wa ukoo au padri au mchungaji mwenye busara, upesi.

*Anaomba nimkopeshe.* Hapana, na sababu useme: "Nikikukopesha nitaanza kukuchunguza, na sitaki kukuchunguza." Chakula mpe.

*Wiki mbili zimepita na bado amefifia.* Huzuni karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hakuna kinachomfurahisha hata mpira, usingizi na chakula vimeharibika: huo si uvivu wala si kukosa motisha. Ni ugonjwa unaotibika. Msindikize kwenye kituo cha afya, uingie naye mpaka kwenye benchi la kusubiri. Kumpa tu jina la kituo hakutoshi, karibu hakuna anayekwenda peke yake mara ya kwanza.

*Mimi mwenyewe naanza kuota mambo yake.* Umebeba wengi. Mwisho wangu ni watu wawili kwa wakati mmoja, na nina mtu ambaye mimi humweleza uchovu wangu bila kutaja jina la mtu. Wa tatu akija, ninamsindikiza kwa mwingine.

*Hajatokea siku ya saba na simu hapokei.* Kama hukuona dalili yoyote ya ile sehemu ya mambo yasiyongoja, mtumie ujumbe mmoja: "Nilikusubiri, si kwa ubaya. Ukitaka tutembee, Alhamisi saa tisa niko Nyawera." Usitume wa pili. Alhamisi saa tisa, uwe Nyawera.